Mchanga wa Tangi Hauoshwi

Katika shule moja ya sekondari ya Gongo la Mboto kuna tangi la kioo lililo tupu. Urefu wake ni sentimeta 100, upana 50 na kimo 40. Kwa muda wa miezi saba tangi hilo lilikuwa na maji ya bahari, samaki wadogo sita, konokono kadhaa na mchanga mweupe chini yake. Kisha siku nne zikatosha kuwamaliza wote. Waliowaua ni wanafunzi wanne wa zamu ya usafi, ambao waliitenda kazi waliyoagizwa kwa bidii ya kupigiwa mfano. Aliyeliandika agizo hilo ni mimi.

Uongozi wa shule sasa unafikiria kuliuza tangi, au kulipamba kwa maua ya plastiki na kuliweka ofisini. Hoja yao ni kwamba jaribio limefanyika na limeshindwa. Hoja yangu ni kwamba jaribio limetupatia jibu ambalo hatukulitarajia, na kwamba kwa somo la sayansi jibu hilo lina thamani kuliko wale samaki sita. Kwa hiyo naomba tangi lijazwe tena, na naomba ndugu msomaji anivumilie nieleze kwa nini.

Agizo langu lilikuwa la maneno manne: “Tangi lisafishwe kila wiki.” Nilikusudia kwamba kioo kifutwe ukijani kwa kitambaa, na dumu moja la maji ya zamani libadilishwe kwa dumu moja la maji mapya. Hayo niliyajua moyoni, karatasini hayakuwapo. Kwa miezi saba mwalimu wa baiolojia alikuwa akisimamia kazi hiyo mwenyewe, na mambo yakaenda vyema. Ikatokea wiki moja mwalimu hayupo, na shule inatarajia mgeni. Wanafunzi wakasoma agizo, wakalitazama tangi, wakaona kwamba kilicho kichafu humo ni mchanga: ulikuwa na madoa ya hudhurungi juu, na kwa pembeni mstari mweusi ulionekana kupitia kioo. Wakawahamishia samaki katika ndoo ya maji yao, wakauchota mchanga wote katika mabeseni, wakaufua kwa sabuni ya unga, wakausuuza kwa maji ya bomba mara tano, wakauanika juani hata ukameremeta. Jioni wakarudisha kila kitu mahali pake. Mgeni alipofika kesho yake, tangi lilikuwa zuri kuliko siku zote.

Siku ya pili samaki walikuwa wakihema karibu na uso wa maji. Siku ya tatu wawili walikuwa wamelala ubavu. Mwalimu aliporejea alinipigia simu. “Shikamoo, Daktari. Maji ni maangavu kabisa, nasoma gazeti upande wa pili wa kioo, lakini samaki wanakufa. Tumekosea wapi?” Nilipofika jioni ya siku ya nne hapakuwa na cha kuokoa.

Swali la mwalimu ndilo kiini cha makala haya. Maji yalikuwa maangavu kweli, na yalikuwa sumu.

Samaki hula, na anachokula hakipotei. Sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo katika chakula chake huitoa kwa njia ya mashavu yake ikiwa amonia. Baharini amonia hiyo huzimuliwa papo hapo na maji yasiyo na mwisho. Katika tangi la lita 170 haina pa kwenda. Tena, maji ya bahari yana alkali kidogo, pH yake ikiwa karibu 8.2, na kila pH inapopanda kwa kipimo kimoja, ile sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka takriban mara kumi. Ndiyo maana uchafu ambao samaki wa maji baridi angeustahimili kwa siku kadhaa humwangamiza mwenzake wa baharini mapema zaidi. Na amonia haina rangi. Jicho haliioni.

Kinachomwokoa samaki wa tangini ni bakteria. Mrusi Sergei Winogradsky, alipokuwa akifanya utafiti mjini Zürich karibu na mwaka 1890, ndiye aliyeonyesha kwamba kuna bakteria wanaojipatia nguvu za kuishi kwa kuiunguza amonia, kama sisi tunavyoziunguza wanga na sukari mwilini. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia. Bakteria hawa kwa kawaida hawaelei majini. Hushika juu ya kitu kigumu na kujenga utando mwembamba unaoteleza, na kitu kigumu kilicho kingi kuliko vyote katika tangi ni mchanga.

Hapa hesabu ndogo itasaidia. Mchanga wetu ulikuwa na kina cha sentimeta 4, yaani lita 20 hivi, na punje zake zilikuwa na upana wa milimeta moja kwa wastani. Ukizijumlisha nyuso za punje zote hizo unapata zaidi ya meta 70 za mraba. Kioo cha tangi zima, kuta nne na sakafu, hakifiki meta 2 za mraba. Kwa lugha ya mtaani kwetu, ndani ya kile kisanduku mlikuwa na sakafu ya vyumba sita vya kupanga, na kila chumba kimejaa wafanyakazi. Kisha wakaja vijana wanne na sabuni ya unga. Klorini ya maji ya bomba peke yake ingewaua wengi. Kukauka juani kungetosha kumaliza kazi. Na sabuni iliongezwa juu yake. Vyumba vikabaki vitupu, samaki wakaendelea kula kama jana.

Na ule mstari mweusi uliowaogofya? Mchangani oksijeni haishuki mbali. Bakteria wa juu huitumia yote, na milimeta chache chini, au sentimeta chache ikiwa mchanga ni mkubwa na maji yanapita, inakwisha. Huko chini wanaishi bakteria wa namna nyingine, ambao wakikosa oksijeni ya hewa huinyang’anya nitrati ile oksijeni yake, na kinachobaki ni gesi ya naitrojeni, ileile iliyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Wanafunzi waliwahi kuniambia kwamba mchanga “unachacha”, kwa kuwa waliona vipovu vikishikana na kioo chini ya usawa wa mchanga. Vipovu kama hivyo aghalabu ndivyo mwisho mwema wa chakula cha samaki: kinarudi angani. Chini zaidi, mahali ambapo hata nitrati imekwisha, wapo bakteria wanaotumia salfeti ya maji ya bahari na kutoa haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, ambayo ikikutana na chuma huwa nyeusi. Mstari mweusi mwembamba uliotulia haumdhuru mtu. Ukivurugwa kwa ghafula ndipo sumu yake hutoka majini. Kwa hiyo kitu kile kilichoonekana kuwa uchafu kilikuwa tabaka katika kiwanda, nacho kilitaka jambo moja tu, kuachwa.

Yanipasa sasa nieleze jinsi mtu mwenye shahada ya udaktari alivyoweza kuandika agizo la hovyo namna ile. Nilisoma Bergen, Norway, mji ambao una nyumba maarufu ya maonyesho ya samaki iliyofunguliwa mwaka 1960, ukingoni mwa bahari. Huko maji hupigwa kwa pampu kutoka baharini, hupita katika matangi, hurudi baharini. Amonia haipati wasaa wa kukusanyika. Katika matangi ya namna hiyo mchanga ni pambo. Ukitaka uoshe, ukitaka uache. Nilikaa na mazoea hayo miaka mitano, nikayafunga mizigoni pamoja na vitabu, nikayafungua Gongo la Mboto, ambako bahari haionekani hata ukipanda juu ya paa. Hapa maji huja kwa madumu tisa ndani ya gari la kukodi, na utingo hutoza nauli ya dumu kama ya mtu. Tangi lililo mbali na bahari ni chombo kingine kabisa. Mahali maji hayabadiliki, mchanga ndio bahari.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba jibu lilikuwapo upande wetu wa dunia. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, Indonesia, alichapisha maelezo ya njia yake ya kufuga samaki wa baharini katika hali ya asili: maji ya bahari, mawe hai yaliyotoka mwambani, mchanga, mwanga, na vipovu vya hewa. Hakuwa na mitambo mingine. Wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani wa siku hizo walikuwa wakichemsha matumbawe makavu na kuyasugua yawe meupe, na samaki wao wakifa. Iliwachukua miaka mingi kumsikiliza. Katika miaka ya 1980 Jean Jaubert wa Monaco aliendeleza njia ya tangi lenye mchanga mnene uliowekwa juu ya nafasi ya maji yaliyotulia, na Wamarekani wa miaka ya 1990 wakaingia katika ubishi mkubwa juu ya kina cha mchanga. Lakini mtu wa kwanza kwetu kumtazama angekuwa huyu jirani wa ng’ambo ya Bahari ya Hindi, ambaye joto lake ni letu na samaki wake ni ndugu wa samaki wetu.

Ubishi wa kina bado upo, na mimi ninao upande wangu. Mchanga wa sentimeta 2 hadi 4 ni rahisi kuusimamia: amonia na nitriti huondoka, nitrati huondoka kidogo, na inayobaki huitoa kwa kubadilisha maji. Mchanga wa sentimeta 10 na zaidi huondoa nitrati vizuri zaidi, lakini hudai wanyama wengi wadogo wa kuupekecha, na kosa moja dani yake ni kubwa. Kwa shule, ambapo mikono hubadilika kila muhula, mimi nachagua mchanga mfupi. Mwenye subira na tangi lake nyumbani achague anavyopenda.

Juu ya mahali pa kupata mchanga nina mengi zaidi, kwa sababu hapo pia nilikosea. Mara ya kwanza nilichukua mchanga wa vilima vya Pugu, ambavyo viko karibu nasi na vinajulikana kwa udongo wake mweupe wa kaolini, uleule ambao Wajerumani waliupasulia njia za reli chini kwa chini. Nikauosha nusu siku. Nilipoutia majini, tangi likawa kama bakuli la maziwa, na likabaki hivyo wiki nzima. Zaidi ya hayo, punje za Pugu ni za kwatzi, ambayo haiyeyuki. Mchanga wa mwambani ni wa chokaa, yaani mabaki ya matumbawe na makombe, na kule chini mchangani, ambako bakteria huyafanya maji kuwa na uchachu kidogo, chokaa hiyo huyeyuka polepole na kuyarudishia maji alkali yake.

Je, twende pwani na magunia? Hapana, na nasema hapana kwa sauti. Pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, hasa Kunduchi, imeliwa na bahari kwa miongo mingi, na mojawapo ya sababu ambazo wataalamu wamezitaja tangu miaka ya 1970 na 1980 ni uchimbaji wa mchanga katika mito inayoilisha pwani hiyo. Gunia letu moja si kitu mbele ya malori, nakubali. Lakini mwalimu anayewapeleka watoto 40 kuchota mchanga wa ufukweni anawafundisha jambo ambalo hakulikusudia. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975, na huko hata kombe moja halichukuliwi. Badala yake, mawe ya chokaa ya Wazo na Boko, ambayo kwa asili ni miamba ya matumbawe ya kale, husagwa kwa ajili ya ujenzi. Chenga zake zikipepetwa kwa chujio la milimeta mbili, zikaoshwa hata maji yake yakawa meupe, zinafaa kabisa. Huko ndiko kuosha kunakoruhusiwa, kabla uhai haujaingia. Kisha kikombe kimoja tu cha mchanga hai kutoka katika tangi la mwenzako huwa chachu ya mchanga wote, kama chachu ya maandazi.

Chachu hiyo hudai muda. Tia kipande cha kamba kioze humo, bila samaki, na upime maji kila siku kwa zile dawa za matone zinazobadili rangi. Amonia itapanda, kisha itashuka huku nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo itashuka. Ni kazi ya wiki nne hadi sita. Sijui somo jingine la baiolojia au kemia linaloweza kuonyeshwa kwa gharama hii, tena ukutani, kwa mistari mitatu ya kalamu za rangi iliyochorwa na wanafunzi wenyewe. Katika tangi lile la kwanza niliwanyima somo hili. Niliwaletea mchanga uliokomaa tayari na samaki juu yake, wakadhani samaki ndio tangi.

Baada ya hapo utunzaji wa mchanga ni kazi ya kujizuia zaidi kuliko ya kutenda. Chakula kiwe kile tu ambacho samaki watakimaliza kwa dakika mbili. Konokono wachache walime uso wa mchanga. Jongoo bahari ni mla mchanga hodari, lakini katika tangi dogo hufa njaa, na anapokufa aweza kutoa sumu inayoua wenzake wote, shuleni asiwepo. Uchafu uliolala juu unyonywe kwa mpira, robo ya eneo kwa wiki, bila kuchimba. Maji yanayopungua kwa joto hurudishwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haipai. Yasiwe ya bomba, na yasiwe ya mvua yaliyopita juu ya bati, maana zinki ya bati ni sumu kwa konokono. Maji mapya ya bahari yatekwe wakati wa bamvua, bahari ikijaa, upande wa Kigamboni ulio mbali na bandari na mdomo wa Msimbazi, na kamwe si katikati ya masika. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016 safari hiyo haihitaji tena kupanga foleni ya kivuko na madumu mgongoni.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia kwa haraka. Umeme ukikatika, pampu husimama, lakini mchanga hausimami. Mamilioni wale wanaendelea kuvuta oksijeni usiku kucha, na katika joto la Dar es Salaam maji hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Katika mgawo wa umeme mchanga uleule unaomwokoa samaki humnyang’anya pumzi. Dawa yake ni jagi: mtu achote maji na kuyamwaga tena kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Mlinzi wa shule amewahi kuifanya kazi hiyo usiku mzima kwa hiari yake, na hakupoteza samaki hata mmoja.

Wapo wanaosema kwamba shule isiyo na vikorokoro vya kutosha vya maabara haina haki ya kufuga samaki wa urembo. Ningekubaliana nao kama tangi lingekuwa urembo. Wanafunzi wa Gongo la Mboto waendao mjini hupita karibu na Vingunguti, ambako yalijengwa mabwawa ya majitaka. Ukiwauliza majitaka husafishwa na nini, wengi watajibu: na dawa. Mabwawa hayo yalibuniwa kwa kanuni ileile ya mchanga wetu, kwamba viumbe wadogo hula uchafu wakiachiwa muda na nafasi. Shimo la choo cha nyumba zetu hufanya hivyohivyo, na wapo wanaolimiminia dawa ya kuua wadudu kila mwezi kisha wakashangaa linajaa upesi. Tumewafundisha watoto kwamba safi ni kitu kisicho na wadudu. Ni mafundisho mema kwa mikono na kwa maji ya kunywa, na sitaki mtu yeyote ayaache. Hata hivyo yana mpaka wake, na mpaka huo hatukuwaonyesha. Wale vijana wanne hawakuwa wazembe. Walitumia kwa uaminifu elimu yote tuliyowapa.

Nimeandika agizo jipya, nalo lina mistari kumi na moja. Neno “safisha” limo mara moja tu, na linahusu kioo. Mwalimu wa baiolojia amelipitia na kunisahihisha mahali pawili. Wanafunzi wa zamu ile, ambao sasa wako kidato cha tatu, wameomba wao ndio waanze kupima amonia. Mkuu wa Shule hajatoa jibu. Chenga za Wazo, kilo 30, zimekwisha kupepetwa na ziko ndani ya gunia barazani kwangu, na mama watoto ameuliza mara mbili zitaondoka lini.